Banda la muda la kuku wageni: uliweke wapi, ulijenge vipi, na lini ufungue mlango

Mfugaji wa Igombe

Mwangaluka wakuu.

Humu jukwaani haipiti muda bila mtu kuuliza kwa nini mitetea wake wapya wamedonolewa mpaka damu, au kwa nini banda zima limeanza kukoroma na kuvimba macho siku chache baada ya kuleta kuku wa gulioni. Jibu analopewa ni lile lile: "waingize usiku." Nimeona tufungue uzi tulizungumze kwa kirefu, maana kuwaingiza usiku ni hatua ya mwisho kabisa. Bila zile zinazotangulia, asubuhi kutakuwa na vita vile vile.

Nafuga chotara wa mayai huku Igombe, Mwanza, si mbali na mwalo wa Ziwa Victoria. Kuku wa mayai akishavuka msimu wake wa kwanza wa kutaga huanza kupunguza, kwa hiyo kila mwaka lazima niongeze wadogo wakati wakubwa bado wapo. Ninachotaka kusema ni hiki: banda la muda lina kazi mbili, na kazi hizo hazipatani mahali pamoja.

Kazi ya kwanza ni kuwatenga wageni, ili kama wamekuja na ugonjwa usiwafikie wenyeji. Hiyo inataka umbali. Kazi ya pili ni kuwazoesha, waonane kutwa nzima bila kufikiana. Hiyo inataka ukaribu. Ukijenga kibanda cha kudumu ubavuni mwa banda la zamani, umepata ukaribu tu, na mafua ya kuku yanapita kwenye wavu bila hodi. Ukiwaficha wageni nyuma ya nyumba mwezi mzima kisha ukawamwaga uwanjani, umepata utengo tu, na wenyeji watawashukia. Kwa hiyo banda lenyewe liwe jepesi, libebwe na watu wawili. Lianzie mbali, limalizie mlangoni kwa wenyeji.

Hatua ya kwanza, utengo. Mimi nawaweka siku 30. Najua wengi wanaona ni nyingi, lakini kideri (mdondo) peke yake kinaweza kukaa kimya mwilini hadi wiki mbili na zaidi kabla kuku hajaonyesha dalili, na kuku aliyesafirishwa kwenye tenga lililobanana huwa mnyonge, kwa hiyo kilichokuwa kimejificha hujitokeza baada ya kufika. Wageni wana chombo chao cha maji, kilishio chao na ndoo yao. Nahudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, na kandambili za kwa wageni hazitoki pale.

Kwa sisi wa ufukweni kuna jambo la upepo ambalo vitabu vya bara havilisemi. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Ukisema "weka wageni upande upepo unakoelekea", huku upande huo unabadilika kila siku mara mbili. Nimekubaliana na nafsi yangu kwamba banda la wageni likae kandokando ya ufuko, yaani kushoto au kulia kwa banda la zamani, lisiwe kati ya banda na ziwa wala nyuma yake moja kwa moja.

Hatua ya pili, ujirani. Siku za utengo zikiisha na wote wazima, tunabeba banda na wageni wao ndani alfajiri, tunaliweka ubavu kwa ubavu na uwanja wa wenyeji. Wavu mmoja tu katikati. Vilishio naviweka pande zote mbili za wavu huo, ili wale wakitazamana. Wiki moja ni kidogo, mbili zinatosha.

Hatua ya tatu, kufungua. Wenyeji wakishatoka kuchakura asubuhi, nawaingiza wageni ndani ya banda kubwa lililo tupu wazunguke, wajue maji yalipo, fito za kulalia na viota. Jioni nawarudisha kwao. Nafanya hivyo siku kadhaa. Ndipo siku moja jioni, kama saa kumi na moja na nusu hivi, naacha milango yote wazi. Muda uliobaki kabla ya giza ni mfupi, hakuna wa kufukuzana sana, kila mmoja anawaza pa kulala. Asubuhi yake lazima uwepo pale kabla hawajashuka kwenye fito. Hiyo asubuhi ndiyo yenye kazi.

Karibuni, tena wenye uzoefu tofauti naomba msinyamaze.

Kijana wa Nyakato

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nimepanga, kiwanja chenyewe kidogo, banda langu limegusa ukuta wa jirani. Umbali nautoa wapi? Nina majike wanane, nataka kuongeza sita.

Mfugaji wa Igombe

Kijana, kama kiwanja hakina umbali, utafute nje ya kiwanja. Una ndugu, shangazi, rafiki asiyefuga kuku kabisa? Mwombe akuwekee wageni kwa mwezi huo. Sisitiza kwamba asiwe na kuku, bata wala kanga. Ukikosa kabisa, weka nyumba yenyewe iwe katikati: banda mbele, wageni uani. Hapo nidhamu yako ya viatu na mikono ndiyo itakayofanya kazi ya umbali. Kinyesi kikiganda kwenye soli kinavuka uwanja haraka kuliko upepo.

Halafu sita kwa mpigo ni vizuri. Usije ukaleta mmoja mmoja. Mgeni mmoja anabeba midomo yote minane peke yake, lakini sita wanagawana, tena wana wenzao wa kusimama nao.

Mama wa Magu

Wanangu, nawasoma. Sisi huku kwetu kuku akinunuliwa alikuwa anafungwa kamba mguuni, anafungwa kwenye kijiti karibu na wenzake siku mbili tatu, usiku anafunikwa na tenga. Akifunguliwa hapotei, keshajua kwao. Hakuna aliyejenga banda jipya kwa ajili ya kuku wa kununua. Mnaona kamba ina ubaya gani?

Mfugaji wa Igombe

Shikamoo mama. Kamba ilikuwa na maana yake na sitaki kuibeza: kuku wa kienyeji asipozuiwa huondoka akitafuta alikotoka, na ukimpoteza siku ya kwanza humpati tena. Banda la muda linafanya kazi hiyo hiyo ya kumfundisha kwao. Tatizo la kamba ni kwamba aliyefungwa hawezi kukimbia. Kuku wawili wakigombana, yule dhaifu humaliza ugomvi kwa kuinamisha kichwa na kuondoka zake. Aliyefungwa mguu anainama lakini haondoki, kwa hiyo mwenzake anaendelea kumdonoa. Kamba nayo inakata ngozi ya mguu, pale inavimba.

Tenga la usiku, hilo naliunga mkono kabisa. Kwa mtu mwenye kuku wawili watatu, tenga kubwa lililofunikwa chini, juu likawekwa jiwe, ni banda la muda la siku za ujirani bila gharama yoyote. Wanaonana kupitia matundu, hawafikiani.

Mama wa Magu

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Basi ongeza na hili: kama kuna kuku mwenye vifaranga, subiri. Yule hagombei ukubwa, anatetea watoto, atampiga mgeni mpaka macho. Vifaranga wakishaachwa ndipo ulete wapya.

Afisa Mifugo Mstaafu

Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Naomba nizungumzie ugonjwa kidogo, kisha ugomvi.

Kuku mgeni anaweza kuwa mzima wa kutazama na bado ni hatari. Mafua ya kuku, yale ya kuvimba uso na kutoka makamasi yenye harufu, yakimpata kuku akapona, anabaki amebeba vijidudu, na siku akipata msukosuko anavitoa upya. Kwa hiyo siku 30 za kumtazama hazikuonyeshi kila kitu. Njia tuliyokuwa tukiwafundisha wafugaji ni ya kuku wa majaribio. Siku za utengo zikikaribia kwisha, chukua mwenyeji mmoja, umpeleke akae na wageni kule kule mbali kwa wiki mbili. Akibaki salama, na wageni wakabaki salama, una uhakika mkubwa zaidi. Akiumwa, umepoteza mmoja na umeokoa banda. Kumbuka pia kwamba upande wa pili nao upo: wenyeji wako wanaweza kuwa ndio wabebaji, na wageni ndio wakaumwa.

Chanjo. Wenyeji wawe wamechanjwa kideri angalau wiki mbili kabla wageni hawajafika, kwa sababu kinga haijengeki siku ile ile. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Wageni wape siku chache wapumzike, wale, wanywe, ndipo uwachanje kama hujui historia yao. Chanjo haitibu. Ukichanja kuku ambaye kideri kimeshamuingia, atakufa na utailaumu chanjo. Na ndui ya kuku msiisahau, maana mbu wa huku ziwani wanaisambaza.

Siku ya kuwapokea, mmoja mmoja, kabla hajaingia kwenye banda la muda: inua bawa utazame chini yake, tazama kuzunguka tundu la haja kama kuna chawa, tazama miguu kama magamba yameinuka. Wale viroboto weusi wanaoganda kwenye kilemba na pembeni ya macho, wapo sana kwa kuku wa vijijini; wakiingia kwenye vumbi la banda lako kuwatoa ni kazi ya miezi. Ukiwakuta, paka mafuta ya mgando pale walipoganda, wakose hewa. Minyoo nayo wape dawa wakiwa bado mbali, ili mayai ya minyoo yadondoke huko.

Sasa ugomvi. Kuku wana ngazi zao, nani anamdonoa nani. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliieleza kwa maandishi mwaka 1921 baada ya kuwachunguza kuku kwa muda mrefu, na msingi wake unakubalika mpaka leo. Kila kuku anajua nafasi yake mbele ya kila mwenzake, na anawatambua kwa sura, hasa kichwa na kilemba. Mgeni hana nafasi. Lazima aipate, na kwa kuku nafasi hupatikana kwa mdomo. Hutaweza kuzuia hilo kabisa, wala usijaribu. Wavu unasaidia kwa sababu sehemu kubwa ya vitisho, kusimama kifua mbele, kuinua manyoya ya shingo, kurukiana, inafanyika pale pale wavuni bila jeraha. Wakifunguliwa, mengi yameshaamuliwa.

Fundi wa Buhongwa

Nimetengeneza haya mabanda ya kuhamishika, niwape vipimo. Kwa mitetea kumi watakaokaa humo mwezi na ushee, fanya mita 1.2 kwa mita 2.4, kimo mita moja. Hiyo ni chini kidogo ya kuku wanne kwa kila mita ya mraba, na huko hawatoki, kwa hiyo msiwabane zaidi.

Fremu itumie mbao za inchi mbili kwa mbili. Mirunda ni imara ila ni mizito, mtashindwa kuibeba ikinyeshewa. Zile mbao mbili ndefu za chini ziache zizidi sentimita 40 kila upande, ndiyo mikono ya kubebea. Mlango uwe juu au ubavuni, upana wa kupitisha mwili wa mtu na kilishio mkononi. Nimeona watu wanaweka kimlango cha kupitisha mkono, halafu kumkamata kuku aliyejibanza pembeni inakuwa mateso kwake na kwako.

Theluthi moja ya banda izibwe kabisa kwa mabanzi pande tatu, humo ndimo watalala na kujificha mvua. Ufito wa kulalia uweke kimo cha sentimita 40, sentimita 20 kwa kila kuku, na kona zake zichongwe ziwe duara. Juu bati, na juu ya bati nyasi. Bati tupu kwa jua la Mwanza saa nane mchana, kuku wanahema midomo wazi. Upepo wa ziwani ukija na mvua unang'oa kila kitu chepesi, kwa hiyo kila kona ifunge kwa waya kwenye jiwe zito. Mawe hatuna shida nayo.

Waya wa kuku ule wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa asiingie, wala kicheche. Sehemu ya chini, kimo cha sentimita 60, weka wavu wa chuma mgumu wenye matundu ya nusu inchi, na uukunje kuelekea nje, sentimita 30 zilale juu ya ardhi, uukandamize kwa mawe. Kenge na kicheche wanachimba pale pale ukutani. Wakikuta wavu chini ya kucha wanahangaika, wanaondoka.

Mfugaji wa Igombe

Fundi umemaliza. Niongeze sakafu tu. Kwa hatua ya utengo mimi natumia sakafu ya kichanja, vile vile tunavyoanikia dagaa: fito zimepangwa zikiachana kama sentimita mbili na nusu, zimeinuliwa kutoka chini. Kinyesi kinadondoka, nakizoa kila asubuhi. Vimelea vya kuhara damu vikitoka na kinyesi vinahitaji unyevu na siku moja mbili hivi kabla havijaweza kuambukiza, kwa hiyo ukizoa kila siku unavikatisha njiani. Miguu ya kichanja naisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu, siafu hawapandi. Tukihamia hatua ya pili, sakafu inatolewa, wageni wanakanyaga ardhi ile ile watakayoishi.

Mkazi wa Bwiru

Je, kama una jiwe kubwa kiwanjani, si unalifanya ukuta mmoja? Kwangu kuna jabali limeinuka zaidi ya kimo cha mtu, nafikiria niegemeze banda hapo nipunguze mbao.

Fundi wa Buhongwa

Tazama kwanza linaangalia wapi. Jabali linalopigwa na jua la jioni linashika joto mpaka usiku, ukiliwekea kiganja saa mbili usiku utaona. Kuku watalala wakihema. Upande unaopata jua la asubuhi tu, sawa. Halafu piga tochi kwenye nyufa zote. Nyufa za mawe yetu ni makazi ya nyoka na kenge, utakuwa umemjengea mlo mlangoni. Ziba kwa mawe madogo na udongo kabla ya kuegemeza chochote.

Mzee wa Mwaloni

Nimeona watu wengi mjini wanafunika mabanda kwa nyavu za zamani kutoka mwaloni Kirumba. Niliwahi kuishi kwa nyavu, naomba niseme. Nyavu za dagaa, zile za matundu madogo, zinafaa kabisa kufunika juu dhidi ya mwewe na kunguru. Msitumie zile za sangara. Tundu lake kubwa linapitisha kichwa cha kuku, halafu uzi unaingia chini ya manyoya ya shingo na hawezi kurudi nyuma. Anajinyonga. Hata miguu inanaswa.

Wavu wowote wa zamani uloweke kwa maji ya sabuni na uuanike vizuri kabla ya kutumia. Harufu ya samaki inamwita paka na kenge. Nyuzi zilizokatika zing'oeni zote. Kuku anadonoa kila kinachoning'inia, uzi ukishuka tumboni umemmaliza, na ukizunguka kidole cha mguu unakikata taratibu bila ninyi kujua. Na kumbukeni wavu wa nailoni ni wa mchana tu. Usiku kicheche anautafuna.

Kuchi wa Mkolani

Mimi nataka kuleta jogoo la kuchi kwenye kundi la chotara lenye jogoo tayari. Hatua ni hizo hizo?

Mfugaji wa Igombe

Hapana mkuu. Majogoo wawili wakubwa wavu hauwapatanishi. Watapigana kupitia wavu huo huo mpaka vilemba vichanike, na kuchi kwa asili yake ni mpiganaji, haachi hata mwenzake akikubali kushindwa. Kwa mitetea kama kumi jogoo mmoja anatosha. Kama unamtaka kuchi, mwondoe wa zamani kwanza, uza au mpeleke mahali pengine, kisha umweke mpya jirani na majike kwa siku chache. Majike wataelewana naye upesi. Na kama lazima wote wabaki, kila mmoja awe na banda lake, na wavu wa kati uzibwe kwa mabanzi usawa wa macho yao wasionane.

Jogoo aliyepo, akiwa mtulivu, ni msaada wakati wa kuingiza mitetea. Mara nyingi utamwona anaingia katikati ya majike wanaogombana na kuwatawanya.

Dada wa Sengerema

Naomba kuuliza, nitajuaje sasa wako tayari kufunguliwa? Na chakula je? Wangu wapya wana miezi mitatu na nusu, wa zamani wanataga. Nawalisha nini wakichanganyika?

Mfugaji wa Igombe

Dada, kaa pale wavuni jioni na uwatazame. Siku za mwanzo wenyeji wanakuja mbio, wanasimama, wanainua shingo, wanadonoa wavu. Siku zikienda utaona mwenyeji anakula pale pale wavuni huku amempa mgeni mgongo. Utaona wamelala mchana kwenye vumbi, huyu upande huu, yule upande ule, manyoya yamegusa wavu mmoja. Hapo fungua. Kama bado kuna jike mmoja anayezunguka wavu akitafuta pa kupenya, huyo ndiye utakayemtoa. Siku ya kufungua, yeye mweke kwenye banda la muda peke yake siku tatu au nne. Akirudi anakuta wengine wameshapangana, anaingia kwa unyenyekevu zaidi.

Ila kwa umri wa hao wako, ningesubiri. Miezi mitatu na nusu mwili bado mdogo mbele ya kuku anayetaga. Waache wafike karibu kimo kimoja, wiki 16 kwenda juu, na kama ni wadogo wa umbo subiri zaidi. Banda la muda linakupa nafasi hiyo ya kusubiri.

Kuhusu chakula afisa ataeleza vizuri.

Afisa Mifugo Mstaafu

Chakula cha kuku wa mayai kina madini ya chokaa mengi, kama asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya ganda. Tembe asiyetaga hana pa kuyapeleka, yanamlemea figo. Kwa hiyo wakichanganyika, wote wape chakula cha wanaokua, na wanaotaga uwawekee makome yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, kila mmoja atajichukulia kwa mahitaji yake. Yai la kwanza la wageni likionekana, rudisha chakula cha mayai taratibu. Dagaa wa kuchanganyia ni wazuri, tena huku tumebarikiwa, lakini wapepete mchanga kwanza. Dagaa walioanikwa mchangani wanakuongezea uzito wa gunia bila lishe.

Na vilishio viwe vingi kuliko unavyodhani vinahitajika, vimetawanyika, kimoja asikione aliye kwenye kingine. Jike mkali anaweza kukalia kilishio kimoja, hawezi kukalia vitatu. Sentimita 10 za ukingo kwa kila kuku. Maji vivyo hivyo, maana kuku anayeogopa hufa kwa kiu kabla ya njaa. Ndani ya banda pasiwe na kona ya kumbana mtu asitoke. Egemeza ubao, weka gogo, tundika turubai, mradi anayekimbizwa apotee machoni.

Jioni ya siku ya kwanza na ya pili, baada ya giza, pitia wageni mmoja mmoja kwenye fito. Papasa pale chini ya shingo, kifuani, panapojaa chakula. Pakiwa pamejaa na pagumu kiasi, amekula. Pakiwa pamelegea, mtupu, siku nzima amefukuzwa, hata kama hukuona. Huyo mrudishe banda la muda na mwenzake mmoja, msubiri siku chache, mjaribu tena.

Kudonoana mara moja na kufukuzana hatua chache, acheni. Damu ikitoka, ingilieni dakika ile ile. Kuku wote watafuata wekundu, hata wale wapole. Safisha jeraha, paka GV, ile dawa ya zambarau. Inaua vijidudu na pia inaficha rangi ya damu, kwa hiyo wanaacha kupalenga.

Kijana wa Nyakato

Nimesikia ukiwapulizia wote siki au marashi wanachanganyika harufu, hawatambuani. Kuna ukweli?

Afisa Mifugo Mstaafu

Kama nilivyosema juu, wanatambuana kwa sura. Siki haibadilishi sura. Okoa siki yako kwa kachumbari na nguvu zako uzitie kwenye wavu.

Dada wa Sengerema

Asanteni. La mwisho kwangu: banda la muda likishamaliza kazi nalisafishaje kabla ya wengine? Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 wanunuzi na wauzaji wa kuku wanapita huku kwa wingi, nisingependa kubahatisha.

Afisa Mifugo Mstaafu

Kwangua kinyesi chote kwanza. Dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa juu ya kinyesi kikavu haifiki chini, umepoteza hela. Kisha sabuni na brashi, suuza, paanike, ndipo upulize dawa. Kwenye maungio ya mbao na ncha za fito mimina maji yanayochemka, utitiri wanajificha humo mchana na wanaweza kukaa miezi bila kula. Fito za kulalia ni rahisi kuzichoma na kukata nyingine. Halafu banda likae tupu juani angalau wiki mbili, limeegemezwa ubavu, sakafu ikitazama jua.

Kijana wa Nyakato

Wakuu, nimeongea na shangazi yangu Usagara, hafugi kuku, amekubali kunikalia na hao sita mwezi mzima. Kuku wenyewe nitawachukua Misungwi. Je, siku ya kuwahamishia kwangu nitumie lile tenga la muuzaji alilonipa nao?

Mfugaji wa Igombe

Usilirudishe nyumbani kwako tenga hilo. Limebeba kuku wa watu wengi. Lichome huko huko kwa shangazi siku watakapofika. Kuwahamisha, chukua maboksi makavu ya dukani, kuku watatu kila boksi, toboa matundu pande zote usawa wa vichwa vyao, chini tandaza maranda. Safiri alfajiri, jua lisiwakute barabarani. Shangazi naye mwambie asije bandani kwako kuwatazama kwa viatu alivyokuwa akivaa akiwahudumia. Wakifika waweke moja kwa moja ndani ya banda la muda, maji yakiwa tayari yamewekwa, na siku hiyo wenyeji usiwafungulie mpaka wageni wametulia.